MALI INAPOPUNGUA, NANI APUNGUZIWE KWANZA?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuikunjua riziki na kuidhikisha kwa hekima aijuayo Mwenyewe. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Suala tunalolizungumza katika ukurasa huu lililetwa darsani petu na kijana mmoja wa mjini ambaye biashara yake ni vinyago. Kijana huyu hupanda bara mara kwa mara mpaka Tabaka, huko Kisii, kununua yale mawe laini yachongwayo, ambayo wengi wetu huyaona madukani hapa pwani wala hatuulizi yametoka wapi. Katika safari zake amezoea kufikia kwa mwenyeji wake mmoja. Mke wa mwenyeji huyo alikuwa na kazi katika zahanati ya vilimani: kuwashauri wanawake wenye virusi vya UKIMWI, kuwakumbusha siku zao za dawa, na kuwafuata majumbani kwao wanapokosa kuja. Mapema mwaka 2025 aliambiwa arudi nyumbani, kwa kuwa fedha zimesimamishwa. Wale wanawake aliokuwa akiwafuata, hakuambiwa atawafuata nani.

Kijana wetu alipokwisha kusimulia, aliuliza: "Shekhe, kwa idhini yako. Mtu aliyekuwa akitoa sadaka, kisha akaikata, ana dhambi? Na yule aliyekabidhiwa kuigawa, ikimpungukia mikononi, amkate nani kwanza?"

Shekhe wetu hakujibu usiku ule. Alisema kwamba swali la pili ni zito kuliko la kwanza, na kwamba wengi hulijibu la kwanza kwa maneno makali ili wasifikiwe na la pili. Akatutaka tukafikiri, kila mmoja kwa nafsi yake, mpaka wiki ya pili. Haya tuyaandikayo ndiyo tuliyoyafikia baada ya kushauriana. Yaliyo sawa humo ni kwa taufiki ya Mwenyezi Mungu, na yaliyo makosa ni yetu.

Huenda msomaji akasema: Kisii na Nyamira zatuhusu nini sisi watu wa pwani? Zatuhusu. Chai ya Nyamira yashuka mpaka Mombasa, ikanadiwa hapa na kupakiwa melini. Waislamu wenzetu wanaishi huko, wakiwemo Wanubi ambao wazee wao walifika tangu zama za ukoloni. Na hata asingekuwako Muislamu mmoja, wakazi wa kaunti hizo mbili, ambao hesabu ya mwaka 2019 iliwakuta ni 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, ni jirani zetu katika nchi moja, na haki ya jirani haikuwekewa sharti la dini. Tena maradhi haya na dawa hizi vimo humu mwetu, katika nyumba tuzijuazo, ila sisi tumezoea kuvisemea chini.

Yafaa kwanza tuijue khabari yenyewe ilivyo. Mwaka 2003 Serikali ya Marekani, katika urais wa George W. Bush, ilianzisha mpango wa kupambana na UKIMWI uitwao PEPFAR. Kabla ya hapo watu wengi wa Afrika walikufa ilhali dawa ya kuwazuilia kifo ipo duniani, kwa kuwa bei yake haikuwa ya maskini. Kisii imepakana na Homa Bay na Migori, kaunti ambazo ni miongoni mwa zile zilizoshikwa zaidi na maradhi haya katika Kenya nzima. Basi kwa muda wa miaka ishirini na zaidi, katika hospitali kubwa na katika zahanati ndogo za vilimani, ilijengeka desturi mpya ya kuwatazama wagonjwa. Kila mgonjwa ana siku yake, ana faili lake, ana kipimo cha kujulisha virusi vimebaki kiasi gani damuni, na ana mtu wa kumwulizia asipoonekana. Sehemu kubwa ya kazi hizo ililipwa kwa fedha ya ng'ambo ipitayo katika mashirika, si kwa hazina ya kaunti.

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ikaguliwe. Siku nne baadaye miradi iliamrishwa isimamishe kazi. Tarehe 28 Januari ikatolewa ruhusa kwamba huduma za kuokoa maisha ziendelee, lakini mahali pengi watu waliokuwa wakizifikisha huduma hizo walikuwa wamekwisha kurudishwa makwao. Tarehe 10 Machi waziri wake, Marco Rubio, akatangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya shirika la USAID imefutwa. Na tarehe 1 Julai mwaka huo shirika lenyewe likakoma kuendesha misaada. Katika Kenya maelfu ya wafanyakazi wa afya waliguswa na jambo hili.

Ni lazima pia tuielewe dawa yenyewe, kwani hukumu ya jambo hufuata kulijua lilivyo. Dawa hizi haziviui virusi vyote, huvifunga visiendelee. Mwenye kuzimeza kila siku huweza kuishi umri wa watu, akazaa mtoto mzima, na virusi vikapungua damuni mwake mpaka visimwambukize mwenziwe. Akiziacha, virusi hurudi. Akizimeza leo na kuzikosa kesho, virusi huweza kuizoea dawa, hata siku atakapoipata tena isimfae. Kwa hivyo dawa hii si kama mkate, ambao mtu akiukosa leo na kuupata kesho njaa yake huondoka. Yafanana zaidi na kamba aliyoishika mtu aliyening'inia kisimani.

Sasa tulijibu swali la kwanza. Sadaka ni jambo la khiari, na kadhi hamlazimishi mtu aitoe mwaka hata mwaka kwa sababu aliitoa mwaka jana. Mwenye mali ana haki ya kuitazama mali yake imekwendaje, na kuikagua, na kuipunguza. Wala haifai sisi tuliokula sadaka miaka ishirini tugeuke leo tumtukane mtoaji kama kwamba tulikuwa tukimdai deni. Huo ni utovu wa shukrani, na asiyewashukuru watu hakumshukuru Mungu.

Lakini haki ya kuacha si haki ya kuacha vyovyote. Mtu aliyesimama ng'ambo ya Mto Gucha akimtazama mwenziwe anahangaika kuuvuka, huenda akalaumiwa kwa uvivu. Ama yule aliyemshika mkono, akamwingiza mtoni, akamfikisha katikati penye maji mengi, kisha akamwachilia kwa kuwa amekumbuka shughuli nyingine, huyo hesabu yake ni mbali na ya yule wa kwanza. Yeye ndiye aliyemfanya auache mwamba aliokuwa ameushika. Mwenyezi Mungu, hata katika kumwachisha mtoto ziwa, jambo ambalo kila mama hulifanya, ametaka wazazi waridhiane na washauriane. Akiwa mtoto wa maziwa hakatwi ila kwa mashauri na upole, itakuwaje mgonjwa akatwe dawa kwa waraka wa usiku mmoja? Basi jawabu letu ni kwamba mtoaji hana lawama kwa kupunguza. Lawama yake ni katika kukata ghafla, bila ya muda na bila ya kuuliza nani atadhurika.

Hapa ndipo wengi wangependa tukome. Ni raha kuyahukumu makosa ya watu walio mbali. Lakini yule kijana aliuliza maswali mawili.

Mwenye kukabidhiwa mali ya kuwagawia wengine, awe mkuu wa mradi, au ofisi ya kaunti, au kamati ya msikiti, yeye si mwenye mali wala si mwenye kupewa. Ni mshika amana. Na amana aliyonayo ni mbili: ile fedha, na wale watu. Fedha ikipungua, amana ya fedha imepungua kweli, lakini amana ya watu ipo pale pale, haikupungua hata mtu mmoja. Wengi huchanganya hapa. Hudhani kwamba mali ikikatwa nusu, nao wamesamehewa nusu ya watu.

Wanazuoni wetu walikwisha kutupangia daraja za kuyatazama mambo. Imam al-Ghazali, na baada yake Imam al-Shatibi wa Andalusi, waliyagawanya maslaha ya watu katika mafungu matatu. La kwanza ni dharura, yaani yale ambayo yakiondoka uhai, akili, kizazi, mali au dini huharibika. La pili ni haja, yaani yale ambayo yakiondoka watu hupata taabu na dhiki, lakini hawaangamii. La tatu ni mapambo, yaani yale yanayoyafanya maisha yawe mazuri na ya heshima. Aliyeufahamu mpango huu amekwisha kujua kisu kianzie wapi: kianze katika mapambo, kikitoshe kisiguse haja, na kikilazimika kugusa haja, kisiifikie dharura mpaka pasiwe tena na kitu cha kukata.

Jambo hili laonekana wepesi, na kila mtu atatikisa kichwa kulikubali. Uzito wake umo katika kujua kitu gani ni pambo na kitu gani ni dharura, kwani daftari la hesabu halisemi kweli daima. Mtazame yule mama wa zahanati. Daftarini ameandikwa kuwa ni mtu wa ziada: si daktari, si muuguzi, hana cheti kirefu. Mwenye kupunguza gharama akipitisha kalamu, jina lake ndilo la kwanza kukatwa. Lakini dawa iliyo kabatini haijawa dawa mpaka iingie tumboni mwa mgonjwa, na katika vilima vile, vyenye njia za utelezi wakati wa mvua, yeye ndiye aliyekuwa akiitoa kabatini na kuifikisha tumboni. Alijua fulani hakuja kwa sababu mume wake hajui, na fulani kwa sababu ya nauli, na fulani kwa sababu amechoka na maisha. Kumwondoa yeye na kubakisha sanduku la dawa ni kama kubakisha kisima na kuondoa ndoo. Kwa upande wa pili, semina ya siku tatu hotelini, na posho ya safari, na gari la pili la ofisi, na kalenda zilizopigwa chapa kwa rangi, vimeandikwa majina makubwa: kujenga uwezo, uratibu, uhamasishaji. Havikuwa vibaya siku za neema. Lakini siku ya dhiki lazima kila kitu kiulizwe swali moja tu: kikiondoka kesho, ni nani atakayeumia, na ataumia kiasi gani? Jina lake lisisikilizwe.

Ndugu mmoja katika darsa alipinga, na pingamizi lake lilikuwa la haki. Alisema: "Posho na chai za mikutano ni fedha ndogo. Mtu akate zote, bado hazitanunua dawa ya kaunti nzima. Haya ni mawaidha ya kujifurahisha." Tulimkubalia nusu ya maneno yake. Ni kweli kwamba hesabu za posho peke yake hazizibi pengo kubwa kama hili. Lakini tulimkumbusha khabari ya Sayyidna Umar katika mwaka wa 18 wa Hijra, mwaka wa njaa uliojulikana kwa jina la mwaka wa majivu. Imepokewa kwamba alijizuilia samli na nyama mpaka watu wote wazipate, akawa anakula mafuta hata rangi yake ikabadilika. Samli ya mtu mmoja haikuweza kuilisha Arabuni. Lakini kiongozi aliyeionja njaa hakulala. Aliandika barua Shamu kuomba chakula, akasimamia ugawaji wake mwenyewe. Anayepunguziwa hutafuta dawa ya upungufu. Asiyepunguziwa huandika ripoti juu yake. Tena, aliye chini humwamini mwenye kumwambia subiri endapo amemwona yeye kasubiri kwanza.

Nusu ya pili ya pingamizi ni ngumu zaidi, na hatutaki kuificha. Je, ikiwa mapambo yamekatwa yote, na haja zimekatwa, na bado kilichobaki hakizitoshi dharura zote? Mradi una fedha za kuwapa dawa walio nazo tayari, au za kuwapima na kuwakinga wale ambao bado hawajaambukizwa. Hauna za yote mawili. Nani mwenye haki zaidi? Mgonjwa ana uso na jina, naye yuko mlangoni. Atakayeambukizwa mwakani hana uso, wala yeye mwenyewe hajijui. Tuliona kwamba waliokwisha kuingizwa katika dawa wana haki ya kutangulia, kwani sisi ndio tuliowaweka katika hali ambayo kuacha ni madhara. Tukaona pia kwamba mama mjamzito na mtoto aliye tumboni mwake wamo katika fungu hilo hilo la dharura, kwa kuwa dawa ya mama humkinga mwana, na mwana huyo hana kosa lolote wala hakushauriwa. Kisha kinga ya watu wengine ndiyo iwe ya kwanza kurudishwa fedha zitakapopatikana. Hatusemi kwamba jawabu hili halina maumivu. Twasema kwamba uamuzi wa namna hii usifanywe na watu wawili ofisini mlango ukiwa umefungwa. Ufanywe kwa shura, nao wenye maradhi wawepo na wasikilizwe, kwani shingo zilizo chini ya kisu ni zao.

Na waambiwe kweli mapema. Twaona watu wengi wema huficha khabari ya upungufu kwa khofu ya kutia wasiwasi. Mgonjwa aliyeambiwa mwezi mmoja mbele ataweza kupanga nauli, au kuomba apewe dawa za miezi kadhaa kwa pamoja akiwa hali yake ni nzuri, jambo ambalo hupunguza safari zake na gharama za kliniki pia. Mgonjwa aliyekuta mlango umefungwa hurudi nyumbani, na huenda asije tena.

Katika mwaka huo wa 2025 Wizara ya Afya ya Kenya ilihimiza kliniki za UKIMWI zilizokuwa peke yake ziunganishwe na huduma za kawaida za hospitali. Jambo hili lina pande mbili, nasi hatulisifu lote wala hatulilaumu lote. Lina kheri kwamba mgonjwa hajulikani tena kwa mlango aingiao, na kwamba huduma inayolipwa na hazina yetu haizimwi kwa amri ya nchi nyingine. Lina khatari kwamba katika benchi refu mtu hukaa na shemeji yake na jirani yake, na katika nchi ya vilima kama Kisii na Nyamira, ambako mashamba ni madogo na nyumba zimekaribiana, siri husafiri upesi. Kusitiri aibu ya mtu ni katika dini. Hali kadhalika wale wahudumu wa afya ya jamii, wapatao 100,000, ambao serikali iliwasimamisha nchi nzima mwaka 2023, waweza kuichukua kazi ya kuwafuata wagonjwa. Lakini mhudumu ni jirani, basi na afunzwe na aapishwe kutunza siri kabla hajakabidhiwa majina. Kupunguza gharama kusikokumbuka haya hugeuka kuwa kuwafukuza watu kwa adabu.

Sasa tumefika kwetu wenyewe, na hapa twaandika kwa haya. Miaka michache iliyopita darsa yetu ilikuwa ikipata msaada kutoka kwa mfanyabiashara mmoja aliyeko Ghuba, kwa ajili ya mayatima wa madrasa. Tulikuwa tukiwalipia ada na kuwapikia uji wa saa nne. Mwaka mmoja msaada huo ulipungua karibu nusu. Tulikutana, tukasoma hesabu, na katika muda mfupi sana tukakubaliana kuuondoa uji. Tukabakisha futari ya wageni ya Ramadhani, na kalenda yenye majina ya wanakamati. Hakuna aliyepinga, kwa kuwa watoto hawakai kamatini. Ilipita miezi mitatu ndipo mwalimu mmoja alipotujia akatwambia kwamba watoto kadhaa hawaji tena, na wanaokuja husinzia juu ya misahafu. Tulitahayari. Hatukuwa wezi, hakuna shilingi iliyopotea. Lakini tulipotakiwa kukata, mikono yetu ilikwenda yenyewe mahali pasipo na mtu wa kusema "hapana". Tangu hapo twafahamu kwamba mpango wa kupunguza hudhihirisha kuliko mpango wa kutumia kazi ile ilikuwa ya nani kwa hakika. Siku za neema kila mtu aweza kusema kuwa mradi ni wa maskini.

Basi tusiwaone wenye ofisi za Kisii na Nyamira, wala wa Nairobi, wala wa Washington, kuwa ni viumbe wa namna nyingine. Ugonjwa ni mmoja.

Kumebaki jambo la tatu, nalo ni la wapokeaji. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mwezi wa Aprili mwaka 2001 viongozi wa Afrika walikutana Abuja, Nigeria, wakaahidi kwamba kila nchi itaitengea afya asilimia 15 ya bajeti yake. Zaidi ya miaka ishirini ilipita, na nchi zilizoitimiza ahadi ile zilikuwa chache mno. Kenya haikuwa miongoni mwao. Wakati wote huo sadaka ya ng'ambo ilikuwa ikija, na kila mwaka tulisema itakuja tena. Nabii Yusuf, amani ya Mungu iwe juu yake, alipofasiri ndoto ya mfalme hakusema kwamba shibe itadumu. Alisema wawekeze katika miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya shida, tena waiache nafaka katika mashuke yake. Sisi tulipewa zaidi ya ishirini. Desemba 2025 Kenya na Marekani zilitia saini mapatano mapya ya afya ya miaka mitano, ambayo ndani yake Kenya nayo iliahidi kuongeza fedha zake yenyewe mwaka hata mwaka. Ahadi hii ya pili ni deni kama ile ya kwanza, na raia wana haki ya kuiuliza kila bajeti isomwapo, katika Bunge na katika mabaraza ya kaunti pia, kwani tangu mwaka 2013 hospitali na zahanati zimo mikononi mwa kaunti.

Na sisi Waislamu tunayo mlango wetu ambao tumeuacha ukashika kutu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoulizwa na Sayyidna Umar juu ya shamba alilolipata Khaybar, alimwelekeza alizuie shina lake na atoe sadaka mazao yake. Huo ndio wakfu. Sadaka yaweza kukatwa kesho kwa neno la mtoaji. Wakfu hata mwenyewe aliyeutoa hana amri ya kuurudisha. Hospitali aliyoijenga Sultani Qalawun mjini Cairo mwaka 1284 iliwatibu matajiri na maskini kwa karne nyingi kwa pato la wakfu, na yeye alikuwa amekwisha kufa zamani. Pwani yetu nayo ina nyumba na mashamba ya wakfu tele. Lakini mengi tumeyawekea mikeka na taa za misikiti. Na mengine, twasema kwa masikitiko, yameliwa na wasimamizi wake. Ni wakfu gani mjini kwetu uliowekwa kwa nauli ya mgonjwa?

Wako wanaosema kwamba maradhi haya ni malipo ya uasherati, na kwamba mali ya wakfu haipasi kwendea huko. Hao twawauliza: mke aliyeambukizwa na mume wake kitandani mwake, kwa nikahi, kosa lake nini? Na mtoto aliyezaliwa nayo? Hata huyo aliyekosa, ni nani aliyetupa sisi kazi ya kumhesabu kabla ya siku ya hesabu? Tumeamrishwa kutafuta dawa, na hatukuambiwa tuchunguze kwanza ugonjwa umepatikanaje.

Hatudanganyiki kwamba vikundi kama chetu vitanunua dawa za nchi. Hiyo ni kazi ya dola, na kuisamehe dola kazi yake si ucha Mungu. Lakini nauli ya mgonjwa, na uji wake, na posho ndogo ya mama wa kumfuata, hivyo viko katika uwezo wa mtaa. Na kwa upande wetu tumeazimia mambo mawili. La kwanza, hesabu za darsa zitabandikwa ubaoni kila mwezi, pato na matumizi, apendaye asome. La pili, tumekwisha kuandika, sasa hivi tukiwa na nafasi, orodha ya vitu tutakavyovikata iwapo fedha zitapungua, kimoja baada ya kimoja. Futari ya wageni ni ya kwanza. Uji wa watoto ni wa mwisho. Tumeiandika mapema kwa kuwa tumekwisha kujijua tulivyo siku ya dhiki.

Kijana wetu amekwenda tena Tabaka na kurudi. Anatueleza kwamba yule mama hajapata kazi nyingine, lakini wagonjwa watatu walio njiani mwake aendapo sokoni bado huwapitia, kwa miguu, bila ya malipo. Wale wa kilima cha pili hawafikii.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na wa jirani zetu, awape walioshika amana za watu khofu ya kuulizwa juu yake, na atujaalie sisi tusiwe wa kwanza kusema na wa mwisho kupunguziwa. Amin.